Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Vuga ifikiwe kwa hodi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kuhusu Vuga, kijiji cha milimani Usambara kilichokuwa makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliowatawala Washambaa. Wageni wengi wanaopanda kutoka Mombo hutazama maporomoko ya Soni, kisha hukaza mwendo hadi Lushoto na Irente. Vuga wanaipita. Naomba ofisi yako iwafungulie njia, ila kwa utaratibu watakaouweka wenyeji.

Vuga haikuwa mji wa kuingia ovyo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walilazwa nje, maana mgeni hakuruhusiwa ndani. Aliyetawala ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye himaya yake ilishuka milimani mpaka pwani. Hata Krapf, mmisionari Mjerumani aliyepanda 1848 na kurudi 1852, alimwendea mfalme huyo kuomba ruhusa ya kufundisha dini.

Kabla yao wote kuna Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Masimulizi ya Wakilindi yanasema nduguze walimnyima urithi kwa kuwa ni kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Akaondoka na mbwa wake, akawawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, akawagawia watu nyama na kuwaamulia kesi zao, mpaka wakamtaka awe mtawala wao. Habari hii isimuliwe palepale Vuga, na mzee aliyeipokea kwa babu yake, si na dereva mwenye haraka ya kuteremka kabla ya giza.

Kwa hiyo nakuomba uitishe kikao cha wazee wa Kilindi, serikali ya kijiji na wataalamu wa mambo ya kale. Wazee waseme mgeni afike wapi na wapi asikanyage, hasa kwenye makaburi ya wafalme. Pale, kwa maoni yangu, kamera isifike kabisa. Vijana wa Vuga wafundishwe kuongoza wageni, na ada ibaki kijijini. Wanafunzi wa Tanga, Muheza na Pangani waingie bure, kwani historia ya kwao imefungamana na mlima ule.

La haraka kuliko yote ni kurekodi sauti za wazee, kwa Kishambaa na kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji kungoja barabara wala jengo. Tafadhali maafisa utamaduni waianze mwaka huu huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpenzi wa historia ya Usambara