Harambee ya Banda Kavu la Nguruwe, Funafuti

Ndugu waumini na wafugaji wenzetu,

Kikundi cha kilimo cha ushirika wetu kinawaomba mchango wa kujenga banda moja la nguruwe na masanduku matatu ya mboji kwa ushirika dada ulioko Funafuti, nchini Tuvalu, taifa la visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Kule nguruwe ndiye nyama ya karamu, na familia nyingi humfuga. Taabu iko kwenye samadi. Banda likioshwa, uchafu hupenya upesi kwenye mchanga wa matumbawe hadi kwenye maji baridi machache ya chini ya ardhi, yasiyo na chumvi, yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Kutoka hapo hufika baharini, ambako naitrojeni na fosforasi hulisha mwani unaosonga matumbawe. Maji ya kuoshea nayo ni ya mvua, ya kukinga. Mwaka 2011 ukame ulilazimu serikali kutangaza hali ya hatari.

Huku samadi ikipotea, bustani zina njaa. Ardhi ile ni mchanga wa chokaa wenye pH (kipimo cha tindikali) ya 8 na zaidi, yaani hauna tindikali, hivyo chuma, manganizi, shaba na zinki, ambazo tangu hapo ni haba, hazinyonyeki na mboga hugeuka manjano. Mbolea ya dukani huteremka na mvua, kwa sababu hakuna udongo wa mfinyanzi wa kuishika. Kinachoshika ni mboji tu. Wazee wa Tuvalu walilijua hilo. Walichimba mashimo ya pulaka, jamaa ya magimbi, wakayalisha majani. Uwanja wa ndege uliojengwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulimeza sehemu ya mashamba hayo.

Banda kavu, ambalo limeshatumika Hawaii na Samoa ya Marekani, halioshwi. Sakafu ya zege huteremka. Katika mchoro wetu ni sentimita 20 kwa kila mita. Juu humwagwa matandiko ya makumbi na makuti yaliyokatwakatwa na majani makavu ya mshelisheli. Nguruwe wakikanyaga, matandiko hushuka pamoja na kinyesi na mkojo hadi kwenye mtaro, na mfugaji huongeza mengine juu. Mabanda ya aina hii huharibika matandiko yanapokwisha: sakafu huwa tope, nzi hujaa, mtu hushika ndoo ya maji na yote yanarudi palepale. Kuti zima halinyonyi mkojo. Kwa hiyo mashine ya kukatakata tunaihesabu kuwa ya lazima kuliko hata paa.

Kutoka mtaroni, samadi huingia kwenye sanduku la mita moja kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Ndoo moja ya samadi huchanganywa na mbili au tatu za matandiko makavu. Ukiikamua kiganjani iachie unyevu, isichuruzike. Harufu kali ya mkojo maana yake matandiko ni machache. Harufu ya yai viza, maji yamezidi, pindua. Joto lifike nyuzi 55 na likae hapo siku 15, likipinduliwa mara tano ili pembeni nako kuive, ndipo mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara vife. Kisha iachwe miezi miwili au mitatu ipoe na kukomaa. Anayepindua avae glavu na buti, maana mkojo wa nguruwe huweza kubeba leptospira, bakteria wanaowaambukiza watu homa.

Bustanini inatosha sentimita moja ya mboji, yaani ndoo ya lita 20 kwa mita mraba mbili, ikichanganywa na mchanga wa juu. Samadi mbichi isitiwe kamwe kwenye shimo la pulaka: shimo hilo linagusa maji.

Tunatafuta mifuko 20 ya saruji, mabati 12 yenye gata na tangi ili paa likinge maji ya nyumbani, misumari isiyoshika kutu (upepo wa chumvi huila ya kawaida upesi), vipimajoto viwili vya mkono mrefu, na mashine. Mchanga tutaununua, wa ufukweni hatutaugusa, kwa kuwa una chumvi na ndio unaolinda kisiwa. Shehena itapita Suva, Fiji, na nauli ya meli ni sehemu kubwa ya gharama.

Anayeweza kulipia mfuko mmoja wa saruji alipie mmoja. Vikundi vya jumuiya tunawaomba mshirikiane kwenye mashine. Michango yote ipokelewe na mhazini wa ushirika kwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa ubaoni kila Jumapili hadi shehena iondoke.