Fomu ya mali si ya kujaza kwa mkato

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Zanzibar, Namba 4 ya 2015, inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake mbele ya Tume ya Maadili. Sisi hupenda kuuliza nani karejesha fomu na nani bado. Ndani kaandika nini, hilo huwa hatuliulizi.

Chukua mfano wa mtu aliyejaza "kiwanja, Tunguu", basi. Hakutaja ukubwa, mwaka alioupata, wala kama amenunua, amerithi au amepewa. Mwakani kiwanja kikiota ghorofa mbili, mhakiki hana cha kulinganisha. Na shamba la mikarafuu lisemwe lina eka ngapi na miti mingapi inayozaa. Karafuu zetu mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na kila mauzo yana stakabadhi; anayedai nyumba kaijengea fedha za karafuu atoe stakabadhi hizo, ni karatasi tu.

Madeni ndiyo husahauliwa zaidi. Mkopo wa benki utauona, maana hukatwa kwenye mshahara. Fedha alizokopeshwa kirafiki na mfanyabiashara mwenye zabuni katika taasisi hiyo hiyo anayoiongoza hutaziona, na huko hasa ndiko mgongano wa maslahi ulikojificha. Fomu iliyojazwa hivyo irudishwe kwa mwenyewe aikamilishe, isihesabiwe kuwa imepokewa.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba