Somo yangu, usiache dozi ukisubiri boksi lako

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa kuzunguka. Barua yako nimeisoma yote, ila kuna mahali pamenikosesha raha: pale uliposema vidonge vimebaki vichache, kila famasi inakwambia chapa yako haijaingia, na umeamua heri usubiri kuliko kumeza "hizo nyingine". Naanza na hilo kabla ya mengine yote. Usisubiri. Kama hizo nyingine ni levothairoksini, homoni ileile ya tezi ya thairoidi (ile ya shingoni) unayoimeza kila siku, na nguvu yake ni ileile aliyoiandika daktari, zimeze. Habari ya chapa tutaipigania huku dawa iko mwilini.

Ukikosa siku moja hutaanguka, maana dawa hii inakaa. Ikishaingia kwenye damu, huchukua kama wiki nzima ndipo nusu yake iishe. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu anaacha Jumatatu, Ijumaa bado yu mzima, anasema kumbe naweza. Kisha wiki ya tatu au ya nne baridi inamshika wakati wenzake wanajipepea, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, sauti inakwaruza, na kuinuka kitandani kunakuwa kazi. Na wewe, somo, tezi yako ilitolewa yote. Kuna mtu ambaye tezi yake imedhoofika tu. Huyo tezi bado inamtolea homoni kidogo. Wewe huna akiba popote. Homoni yote uliyo nayo inatoka kwenye hicho kidonge.

Sasa nije kwa huyo uliyeniandikia kwamba alikwambia unajidekeza kwa kung'ang'ania chapa moja.

Hujidekezi hata kidogo, na nimekasirika kwa niaba yako. Chapa yangu iliponipotea, nilizijua lugha zote za famasi. Kuna "haijaingia", kuna "imeisha jana tu", kuna "pita wiki ijayo", na kuna ile ya "hii hapa, ni ileile, jina tu ndilo tofauti". Hiyo ya mwisho ndiyo hunipandisha hasira, kwa sababu ni kweli iliyokatwa katikati. Nilivichukua vidonge viwili nikaviweka kwenye kisahani, cha zamani na hicho "kilekile", vyote vimeandikwa maikrogramu 100. Cha zamani kilikuwa kidogo, kigumu, na mstari uliokatwa vizuri katikati. Kipya kilikuwa kipana zaidi, manjano hafifu, na ukikigusa kingo zake zinaacha unga kidoleni. Nilipogeuza boksi kusoma maandishi madogo ya ubavuni, orodha ya vilivyochanganywa haikufanana na ile niliyoizoea.

Maikrogramu 100 ni gramu moja iliyogawanywa mara elfu kumi, somo, karibu uzito wa punje moja au mbili za chumvi. Maana yake kidonge unachokiona kwa macho karibu chote ni vitu vingine: laktosi au manitoli, wanga, rangi, na vya kukishikanisha kisivunjike. Hivyo ndivyo vinavyofanya kidonge kiyeyuke upesi au kichelewe. Na dawa hii tumbo haliipokei yote. Hata ukiimeza vizuri bila chakula, kinachoingia ni kama asilimia 60 hadi 80. Tena haipendi joto, wala unyevu, wala mwanga. Ikihifadhiwa vibaya nguvu inapungua kabla ya tarehe yake. Ndiyo sababu mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikaza kamba: kidonge kiwe na kati ya asilimia 95 na 105 ya kile kilichoandikwa, hadi siku yake ya mwisho ya matumizi. Kabla ya hapo iliruhusiwa 90 hadi 110. Fikiria mtu anayetoka kwenye boksi lililo chini akaingia kwenye lililo juu, kisha akarudi. Cheti cha daktari hakijaguswa, lakini dozi yake imepanda na kushuka, na TSH, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha, ni chepesi mno, homoni ikisogea kidogo yenyewe inaruka.

Kilichotokea Ufaransa huwa nakikumbuka kila mtu anapotuambia ni mawazo yetu. Huko dawa hii inaitwa Levothyrox, inatengenezwa na Merck, na waliokuwa wakiitumia walifika kama milioni tatu. Mwaka 2017 kampuni ilibadilisha mchanganyiko: laktosi ikatolewa, ikaingia manitoli na asidi ya sitriki. Homoni yenyewe haikuguswa, na lengo lilikuwa zuri, kwani mamlaka ya dawa ya huko ndiyo iliyotaka kidonge kisipoteze nguvu kinapokaa. Lakini watu kwa maelfu wakaanza kulalamika: uchovu, kichwa kuuma, kizunguzungu, nywele kukatika, misuli kubana. Wengi hawakuwa na habari kwamba kuna kitu kimebadilika. Kelele zilizidi hadi mwisho wa mwaka huohuo mchanganyiko wa zamani ukarudishwa kwa muda, ukiingizwa kwa jina la Euthyrox. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Lyon iliamuru kampuni iwalipe walalamikaji zaidi ya 3,000, euro 1,000 kila mmoja. Na kosa lililowaponza halikuwa ubaya wa dawa. Ni kwamba wagonjwa hawakuambiwa vya kutosha.

Hapo ndipo nilipo mimi pia. Kubadilishiwa dawa naweza kukuvumilia, viwanda vina shida zao. Kubadilishiwa kimyakimya, nikakabidhiwa boksi jingine ndani ya mfuko wa karatasi nikagundue nyumbani, hilo sikubali, na wewe usilikubali.

Nisikudanganye lakini. Wako watu wengi ambao wakibadilishwa chapa hawahisi chochote. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliowalinganisha waliohamishwa kutoka levothairoksini ya kiwanda kimoja kwenda ya kingine na wale waliobaki palepale, na TSH zao hazikutofautiana kwa kiasi cha kutisha. Nimeupokea kwa moyo mweupe, na ndiyo maana nakwambia umeze hiyo uliyopewa bila hofu. Ila wastani wa watu maelfu hauelezi mwili wako wewe, hasa wewe uliyetolewa tezi kwa sababu ya saratani, ambaye daktari anataka TSH yako ikae mahali maalumu. Wajawazito, watoto, wazee na wenye ugonjwa wa moyo nao nawaweka kwenye kundi hilo. Kwa hawa, kuyumba kidogo kuna gharama: homoni ikizidi, moyo unaenda mbio na mifupa inalika taratibu, ikipungua, unayajua mwenyewe.

Kwa hiyo, kwanza rudi kwa daktari umwombe aandike jina la chapa kwenye cheti, si jina la dawa peke yake. Akisita, mwambie kwa heshima kwamba hujazua wewe. Chama cha madaktari wa tezi cha Marekani kiliandika kwenye mwongozo wake wa 2014 kwamba mgonjwa abakizwe kwenye chapa moja, au kwenye dawa ya kiwanda kilekile. Na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaambia madaktari kwamba mgonjwa akilalamika baada ya kubadilishiwa apimwe, na dalili zikiendelea aandikiwe dawa ya aina moja kila mara. Daktari mwenye kusikiliza hatakataa.

Pili, usizunguke tena kwa miguu. Piga simu, na usiulize "mnayo dawa ya thairoidi?" kwa sababu utaambiwa ipo. Taja chapa, taja kiwanda, taja nguvu. Kisha uliza na nguvu nyingine za chapa hiyohiyo. Hili watu wengi hawalifikirii: mara nyingi kinachokosekana si chapa nzima, ni ile 100 peke yake, na 50 zimejaa kabatini. Daktari akiandika vidonge viwili vya 50, shida imekwisha, na umebaki na kiwanda chako. (Tena katika chapa kadhaa kidonge cha 50 hakina rangi, hivyo anayesumbuliwa na rangi za vidonge anapata nafuu.) Lakini usijipigie hesabu mwenyewe, wala usiunganishe nusu ya hiki na robo ya kile kutoka viwanda tofauti. Namba za dawa hii zinachanganya, mtu anaweza kumeza mara mbili ya dozi yake bila kujua.

Mfamasia naye mfanye rafiki. Nina mmoja ambaye nilimweleza hali yangu waziwazi mbele ya kaunta, nikamwachia jina la chapa na namba yangu. Sasa mzigo ukiingia ananipigia, na ikikosekana ananiambia ukweli: muuzaji wa jumla hana, au kiwanda kimesimama, au shehena fulani imerudishwa kwa sababu nguvu yake haikufika kipimo. Hiyo ya mwisho hutokea sana kwa dawa hii, kwa sababu ya udhaifu wake niliokueleza. Kukuambia sababu hakuleti dawa, lakini unajua kama unasubiri wiki au miezi, na unajipanga. Mwombe daktari pia akuandikie ya miezi kadhaa kwa mkupuo inapopatikana, uwe na akiba sehemu kavu isiyo na joto, mbali na jiko na bafu. Na tafadhali usinunue kwa watu wa mtandaoni wasiojulikana, hata kama picha ya boksi ni yenyewe kabisa. Huwezi kujua lilikaa juani kwa muda gani.

Ukilazimika kuhama, na kwa hali ilivyo naona utalazimika, hama mara moja ukae. Kinachoumiza zaidi ni kurukaruka, mwezi huu hiki, mwezi ujao kile. Andika tarehe juu ya boksi siku unayoanza. Ukimaliza wiki sita hadi nane, nenda ukapime TSH. Kabla ya hapo majibu hayajatulia. Pima maabara ileile uliyozoea. Na kama bado unatumia vile vidonge vya nywele na kucha, angalia kama vina biotini, ile vitamini ya kundi B; iache siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu, kwa sababu inavuruga kipimo chenyewe na daktari anaweza kukupunguzia dozi usiyostahili kupunguziwa. Mengine unayajua: maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kahawa isubiri, na vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali kwa saa nne. Ukibadilisha chapa usibadilishe na saa za kumeza, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini.

Uliniuliza, kwa uchungu nilivyouona, utameza mpaka lini. Maisha yote, somo, na hilo halinitishi tena. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimchoma sindano mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotengenezwa kwa tezi za kondoo. Ugonjwa ulikuwa umemvimbisha na kumpoozesha kiasi cha kutojifaa. Aliendelea na dawa hiyo, baadaye akiinywa, hadi alipofariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74, na kwa muda wote huo zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Hakukuwa na kipimo cha TSH wala vidonge vya maikrogramu. Nikimfikiria yeye, uchovu wa kupiga simu famasi unanitoka, na hasira inabaki palepale pa haki yake: dawa ipo, imejulikana zaidi ya miaka mia, imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, kwa hiyo mtu asiyeweza kuishi bila hiyo hapaswi kuibembeleza.

Kama katika wiki za kwanza za chapa mpya moyo utakwenda mbio, mikono ikatetemeka au usingizi ukakimbia, usingoje hizo wiki sita, muone daktari. Na ukipata maumivu ya kifua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiache dawa kimyakimya, mwambie na mimi.

Leo hii nipigie picha boksi lako la zamani, ubavu wenye jina la kiwanda na ule wenye nguvu na tarehe, pamoja na karatasi ya majibu yako ya mwisho, unitumie. Kesho naanza kuzipigia famasi za huku kwangu, na yule mfamasia wangu nitamwomba aulize kwa wauzaji wa jumla. Nijulishe pia vidonge vimebaki vingapi hasa, maana "vichache" ya kwako naijua.

Nakupenda sana. Nasubiri hizo picha.

Ni mimi, somo yako