Aliye chini ya mwavuli ana jina

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari. Makala yenu ya Jumapili kuhusu mchoraji Eugène Delacroix imenishinda. Aliye katikati ya ule mchoro mkubwa mmemwita "sultani wa Kiarabu", basi. Ni Moulay Abd-er-Rahman, aliyetawala Morocco kuanzia 1822 hadi 1859. Jina lake limo katika jina la mchoro wenyewe, uliopo Toulouse, Ufaransa.

Tena picha mmeikata juu, mwavuli umekwenda! Mwavuli ule ndio alama ya ufalme wake, kama siwa, ile pembe ya watawala, kwetu pwani. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko huko Morocco, alimkuta sultani wa Mogadishu mwaka 1331 akitembea chini ya vivuli vya hariri. Msomaji wa pwani angeelewa bila kufafanuliwa. Delacroix alikwenda Morocco mwaka 1832 na msafara wa mjumbe wa Ufaransa, Charles de Mornay, Wafaransa wakiwa wameshaivamia Algeria jirani. Tarehe 22 Machi, huko Meknès, alimwona Sultani juu ya farasi, mtumishi kamshikia mwavuli. Katika michoro ya awali mjumbe alikuwemo. Mchoro ulipokamilika mwaka 1845 hayumo tena, kwani mwaka uliotangulia Ufaransa iliipiga Tangier kwa mizinga na kulishinda jeshi la Sultani pale Isly. Kabaki Sultani na watu wake, kwenye turubai ya kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu. Mchoraji ambaye nchi yake imetoka kupigana na mtu huyu kampa turubai nzima, nyinyi mmemnyima maneno matatu chini ya picha!

Jambo hili linaniuma kwa sababu marehemu kaka yangu alipigwa picha na gazeti moja akishusha papa kutoka mashuani. Mgeni rasmi aliyesimama pembeni aliandikwa jina, cheo na wadhifa. Kaka yangu aliandikwa "mvuvi". Mama aliikata picha ile akaiweka kabatini, na jina akaliandika mwenyewe kwa kalamu.

Na hilo neno "Picha ya Maktaba" mnaloandika chini ya picha mliache. Maktaba gani, ya mwaka gani, nani kapiga?

Jumapili ijayo ichapeni upya, ukurasa mzima, mwavuli ukionekana wote, jina la Moulay Abd-er-Rahman kwa herufi sawa na za Delacroix. Wapiga picha wenu nao wapeni daftari, wasiondoke ufukweni kabla hawajauliza, "Mzee, unaitwa nani?"

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga