Neema, siku ile nilikuwa Ismene

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Neema,

Habari za huko Morogoro, na mama anaendeleaje na miguu? Sisi wazima, joto tu. Umeme umekatika tangu magharibi, nakuandikia kwa taa ya kuchaji. Kwenye simu nisingeweza, ningelia kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Jana nilikwenda Temeke kuangalia kikundi cha akina mama wakifanya mazoezi ya Antigone, mchezo wa Sophocles wa Ugiriki. Una umri wa zaidi ya miaka 2,400. Kaka wawili wameuana wakigombea ufalme wa Thebes. Mjomba wao Creon anashika kiti, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine, Polynices, aachwe juani aliwe na ndege na mbwa. Atakayemzika, kifo. Dada yao Antigone anakwenda kumzika.

Na unajua alimzika kwa kitu gani? Vumbi. Binti anayemwigiza alifungua pindo la kanga, akatoa mchanga mkavu akaunyunyiza taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Kisha akainua birika la shaba, akamimina maji mara tatu. Wengi waliokuwa pale ni watu wa Pwani, ambako wanaume ndio huenda makaburini na wanawake hubaki msibani. Bibi aliyekaa karibu nami alishika kifua, akasema, "Peke yake, jamani." Hata watoto waliokuwa wamening'inia dirishani walinyamaza.

Lakini aliyeninyima usingizi ni Ismene, ndugu yake wa kike. Mwanzoni kabisa Antigone anamwomba wakamzike kaka yao pamoja. Ismene anampenda nduguye, lakini anamjibu kwamba wao ni wanawake, hawakuumbwa kushindana na wanaume, wawatii wenye nguvu, na marehemu atawasamehe.

Neema, yale maneno ni yangu. Siku ya kikao cha ukoo, baada ya arobaini ya mumeo, nilikaa nyuma yako mkekani. Shemeji zako waliposema nyumba ya Mbagala ni ya ukoo, na wewe utatunzwa na wanao, ulianza kuinuka. Nikakuvuta gauni. Nikakunong'oneza, "Kaa, hawa wakubwa, yatapita." Hayajapita. Mwaka wa pili huu unalala chumbani kwa mama yako, na cherehani iliyojenga nyumba ile imefungwa kwenye kiroba.

Creon anasema akiwa hai hatatawaliwa na mwanamke. Shemeji zako hawakusema hivyo, walisema mila. Nayo mila ile iliandikwa kabisa, katika tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963: mjane hana fungu katika mirathi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni ya kibaguzi, lakini ikakataa kuitengua. Hawakuishia hapo. Walifika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Wale wawili walikuwa mafundi cherehani, Neema. Mafundi cherehani kama wewe.

Antigone alijitetea kwa sheria za miungu, zisizoandikwa, kubwa kuliko amri ya mfalme. Nampenda, ila hapo siwezi kumfuata mpaka mwisho. Kwetu yasiyoandikwa mara nyingi ndiyo yanayomtoa mwanamke ndani ya nyumba yake. Wewe unayo yaliyoandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mke kuwa na mali yake mwenyewe, na lile boksi la biskuti uliloniachia limejaa risiti za saruji, nondo na mabati. Leo nimezitandaza kitandani nikazihesabu: 31. Kumi na tisa zina jina lako.

Unakumbuka sekondari ulivyoigiza Portia, kwenye Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare aliotafsiri Mwalimu Nyerere? Ilibidi uvae joho la kiume ndipo mahakama ikusikilize, nasi tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Safari hii utaingia na gauni lako, kwa jina lako.

Antigone anapokamatwa, Ismene anatoka analia, anasema na yeye alishiriki, wamuue pamoja naye. Antigone anamkataa. Anamwambia, wewe ulichagua kuishi. Nilimwangalia yule mama anayemwigiza Ismene amesimama mikono mitupu, nikaona aibu yangu yote iko pale. Una haki ya kunijibu vivyo hivyo. Lakini nakuomba, usinikatae. Mimi ndiye niliyeshika daftari ulipokuwa ukiwalipa mafundi kila Jumamosi, nami nitayasema hayo mbele ya hakimu, shemeji zako wakiwa wamekaa pale pale.

Nimeshaongea na wakili wa msaada wa kisheria. Tutapinga usimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo. Anatusubiri Alhamisi saa nne asubuhi. Nauli nimekutumia kwenye simu ya mama. Panda basi la alfajiri. Nitakuwa stendi ya Mbezi, na boksi nimelibeba.

Shoga yako,
Zawadi