Risala ya klabu ya kompyuta kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne, Mikindani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wajumbe wa bodi, wazazi na walezi, wahitimu na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa wote shikamooni.

Mheshimiwa, tumepewa dakika chache na mwalimu wa zamu keshaanza kuangalia saa, kwahiyo historia ya klabu tunairuka tunaenda moja kwa moja kwenye zile mashine ulizozikuta zinawaka pale chini ya mwembe.

Zile zilikuwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika, na mtu wa skrepa alishakuja na mizani yake anataka azinunue kwa kilo. Kila mtu anasema mbovu, mbovu, sasa ukiuliza ubovu wake nini hupati jibu. Kwakweli nyingi zilikuwa zimelemewa tu. Ni Pentium 4 na Core 2 Duo, yaani prosesa za zamani, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) MB 512, zenye nafuu GB 1 au 2, halafu mtu kazipiga Windows 7 na antivirusi ya kukopi juu yake, unawasha unaenda kunywa uji unarudi bado kiduara kinazunguka. Na hiyo Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Januari 2020, XP ndo usiseme kabisa, hiyo toka 2014.

Tukasema tupige Linux. Wazazi msishtuke na jina, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, ulianzishwa 1991 na mwanafunzi wa chuo kule Ufini anaitwa Linus Torvalds, ni bure, na kuukopi siyo wizi maana leseni yake inaruhusu ukopi ugawe hata kwa shule ya jirani. Na haya mambo siyo mageni hapa nchini, mwaka 2004 ilishatoka Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, yaani wengi wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa.

Lakini siyo kila Linux inafaa kwa mashine kongwe, hapa ndo watu wengi wanakata tamaa mapema. Hizi Pentium 4 zetu ni za biti 32, yaani prosesa za kizamani zinazobeba data kidogo kwa mkupuo kuliko za biti 64, na Linux kubwa kubwa zimeshazitosa, Lubuntu walikomea toleo la 18.10 kwa biti 32, Debian nao toleo la 13 lililotoka Agosti 2025 halina tena instola ya biti 32. Kwahiyo tukazipa antiX 23, ambayo imejengwa juu ya Debian ila imepunguzwa mafuta, haina desktopu ya mbwembwe, inatumia IceWM tu, programu nyepesi ya kupanga madirisha, na kwa ramu MB 512 unafanya kazi. Core 2 Duo zenyewe ni biti 64, hizo tumezipiga Debian ya kawaida na LXQt, desktopu nyepesi. Halafu kuna moja haina hadidiski (diski ya kuhifadhia mafaili) kabisa, hiyo inatumia Puppy, Linux ndogo iliyoanzishwa 2003 na Barry Kauler wa Australia, inatoka kwenye flashi inajipakia yote kwenye ramu basi, hadidiski haina kazi.

Kilichotutesa zaidi ni kutu, mheshimiwa. Huku kwetu upepo wa bahari hauchagui, unakuta mashine inapiga mlio tu skrini nyeusi, dawa yake unachomoa ramu unafuta zile alama za dhahabu kwa raba ya penseli, unarudisha, inawaka. Nyingine haijui kubuti (kuanza kuwaka) kwa flashi, ikabidi tuchome DVD. Na kuna hii ya betri, ile ya duara CR2032 iliyopo kwenye ubao, ikifa basi kompyuta inaamka inadhani tupo miaka ishirini nyuma, brauza inakataa kufungua tovuti inasema cheti cha usalama cha tovuti siyo halali kwa tarehe hiyo, watu wanalaumu bando wakati tatizo ni betri!

Sasa hivi wanafunzi wanaandika kwenye AbiWord, mahesabu wanapiga kwenye Gnumeric, zile zenye ramu ya kutosha zina LibreOffice, programu nzima ya ofisi, na kuna Wikipedia ndani ya programu ya Kiwix inasomeka bila intaneti. Flashi zinazotoka steshenari na virusi vya shotikati zinachomekwa humu na virusi havina pa kushika. Ila hatutaki kukudanganya, YouTube kwenye Pentium 4 ni mateso, ukifungua kurasa tatu za brauza inastaki, na faili la Word lenye majedwali mengi likifunguliwa kwenye AbiWord linavurugika. Mashine ya kusomea na kuandikia ndiyo, ya kuangalia mpira hapana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatuombi kompyuta mpya. Microsoft walifunga huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka ramu kuanzia GB 4 na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, kwahiyo maofisini huko kuna mashine nzima kabisa zinaingia stoo kwa sababu hiyo tu, na kwetu sisi hizo ni ndege. Tunajua mali chakavu zina utaratibu wake wa kuziondoa, tunaomba tu utaratibu huo ukianza shule za huku zikumbukwe kabla ya mtu wa skrepa. Tukipata na ramu za aina ya DDR2, betri za CR2032 boksi moja, SSD ndogo (diski za kisasa zenye kasi) za kuweka kwenye Core 2 Duo na stabilaiza maana umeme ukirudi unarudi kwa hasira, tutashukuru sana.

Na kama ofisi yako inaogopa siri zake zilizomo humo ndani, wala isiwe shida, ng'oeni hadidiski mbaki nazo mtuletee maboksi matupu, Puppy ipo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya klabu ya kompyuta.