Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: taarifa itangulie, mkaguzi afuate

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Chake Chake, Pemba, ambako nina tanuri la mikate ya boflo na wafanyakazi sita. Jumatatu asubuhi, boflo za mwanzo bado zimo motoni, aliingia mkaguzi akataka mikataba. Nikamtolea yote sita, ina saini, imo kwenye faili. Akasoma wa kwanza, akaufunga.

"Bi mkubwa, hii ni sheria ya Bara."

Ni kweli. Mikataba ile niliinakili kwa mfanyabiashara mwenzangu wa Dar es Salaam, na imetaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004. Sikujua kwamba sheria hiyo haivuki bahari, na kwamba Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kodi ya mishahara naipeleka TRA, chombo cha Muungano, nikadhani na mikataba ni hivyo hivyo. Michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii Zanzibar, sijakosa hata mwezi mmoja, hata pale bei ya unga ilipopanda nikauza bangili zangu ili watu wapate mishahara.

Kisha akaniambia kima cha chini cha mshahara ninachokifuata kimeshabadilishwa. Nina siku 14 za kurekebisha na kulipa malimbikizo. Aliyasema hayo mbele ya vijana wangu, mikono imewajaa unga. Mheshimiwa, watu wale nafuturu nao kila Ramadhani. Siku ile walinitazama kama mtu aliyekuwa akiwaibia. Nitalipa. Ni haki yao, wala siombi nipunguziwe hata shilingi. Lakini macho yale nitayalipa kwa nini?

Nilipouliza mabadiliko yalitangazwa wapi, nikajibiwa Gazeti Rasmi. Mie sijapata kuliona likiuzwa mtaani kwetu. Nakala ya sheria niliyopewa ni ya Kiingereza. Mwanangu wa Kidato cha Nne alikesha akinifasiria, tukakwama kwenye vifungu vya kuachisha kazi.

Nakukumbusha, Mheshimiwa. Mwaka juzi, kwenye mkutano wa wafanyabiashara hapa Chake, tuliahidiwa kuletewa kila mabadiliko, kwa Kiswahili, kabla hayajaanza kutumika. Likapitishwa daftari, nikaandika jina na namba ya simu. Simu haijalia mpaka leo. Labda karatasi zinaishia Unguja, labda zinavuka zikalala kabatini. Mkaguzi lakini aliijua njia ya kuja kwangu.

Naomba jambo moja. Sheria ikibadilika, kima kikibadilika, itolewe karatasi moja ya Kiswahili, ibandikwe kwa kila sheha, kiongozi wa serikali mtaani, mwezi mmoja kabla. Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Ofisi ya sheha wetu haifiki hatua mia kutoka kwenye tanuri langu, napita hapo kila alfajiri.

Katika zile siku 14, zimenibakia tisa.

Mwajiri wa Chake Chake, Pemba